Ujumbe wa ridhaa ya faragha kwa lugha nyingi: maswali ninayoulizwa kila wiki

Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza tovuti. Wateja wangu wengi ni kampuni za utalii za Arusha na Moshi. Wachache ni magazeti ya mtandaoni na vyama vya akiba na mikopo. Swali la "lile bango la kuki tuliweke kwa lugha gani" huniingilia WhatsApp kila wiki, aghalabu usiku, aghalabu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Nimeyaweka majibu hapa ili mwenye haraka ayasome, na mimi nipate kulala.

Huo ujumbe wa ridhaa, yaani bango la kuki, ni kitu gani hasa?

Ni yale maneno yanayojitokeza mtu anapofungua tovuti kwa mara ya kwanza, yakimwambia kwamba tovuti inataka kuweka kuki kwenye simu au kompyuta yake na kumwuliza kama anaridhia. Kuki ni kipande kidogo cha maandishi ambacho kivinjari hukitunza kwa niaba ya tovuti. Nyingine ni za lazima: zinakumbuka kwamba umeingia kwenye akaunti, au kwamba umechagua kusoma Kijerumani. Hizo haziombewi ridhaa. Zinazoombewa ni zile za kuhesabu wageni, za matangazo, na za kumfuata mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine.

Tuna toleo la Kiingereza, na kila mtu siku hizi anakijua. Kwa nini tuhangaike?

TikTok nao walikuwa na toleo la Kiingereza. Julai 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Uholanzi iliwatoza faini ya yuro 750,000 kwa sababu maelezo ya faragha waliyokuwa wakiwapa watoto wa Kiholanzi yalikuwa ya Kiingereza. Hoja yenyewe ilikuwa nyepesi: mtoto hakuweza kuelewa data yake inakusanywa vipi na inafanyiwa nini, kwa hiyo hakuelezwa. Na Uholanzi ni nchi ambayo Kiingereza kinazungumzwa hadi kwa muuza samaki.

Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inasema ridhaa ni ile iliyotolewa kwa hiari, kwa jambo mahususi, na mtu aliyekwisha kuelezwa. Mtu akibonyeza kitufe ili tu bango limwondokee usoni, kwa lugha asiyoisoma, ulichopata ni mbonyezo. Ukiulizwa siku moja utathibitishaje kwamba alijua anachokubali, mbonyezo hautakusaidia.

Sisi tuko Arusha. Sheria za Ulaya zinatuhusu nini?

Pengine zinakuhusu kuliko unavyodhani, na kinachozileta mlangoni kwako ni lugha yenyewe. GDPR inamgusa hata aliye nje ya Ulaya iwapo anawalenga watu walio Ulaya kwa bidhaa au huduma. Kuonekana tu kwa tovuti yako kule hakutoshi. Lakini utangulizi wa sheria hiyo, aya ya 23, unataja dalili za kulenga, na miongoni mwake ni kutumia lugha au sarafu ya nchi mwanachama huku mtu akiweza kuagiza kwa lugha hiyo. Sasa tazama tovuti yako: ukurasa wa Kitaliano, bei za kupanda Kilimanjaro kwa yuro, fomu ya kuweka nafasi kwa Kitaliano. Hapo umewalenga Waitaliano, tena kwa makusudi, na umelipia matangazo ili wakuone.

Kwa hiyo siku unapofungua ukurasa kwa lugha mpya, bango nalo lifunguliwe kwa lugha hiyo. Nimeona kampuni zilizotafsiri hadi orodha ya vyakula vya kambini kwa Kifaransa kizuri, halafu bango la ridhaa limebaki Kiingereza. Kuhusu wali na maharage mgeni anaelezwa kwa lugha ya mama yake, kuhusu data zake anaachwa abahatishe.

Na sheria za nyumbani?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kule mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa umewekwa waziwazi juu ya anayekusanya au kuchakata data. Uganda walipitisha yao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021. Ukiwa na wasomaji wa nchi hizi wanaosoma Kiswahili, usiwape bango la Kiingereza ukidhani sheria ni ya Wazungu peke yao.

Angalia pia istilahi. Sheria ya Tanzania inasema "taarifa binafsi". Wakenya wamezoea "data ya kibinafsi". Yote mawili yanaeleweka pande zote, ila chagua moja na ulitumie kuanzia kwenye bango hadi kwenye Sera ya Faragha. Msomaji akikuta "taarifa binafsi" juu na "data za kibinafsi" chini ataanza kujiuliza kama ni vitu viwili.

Tuseme "kuki" au "vidakuzi"?

Google na kampuni nyingine kubwa zimechagua "vidakuzi", na ukiandika hivyo hakuna atakayekulaumu. Mimi nimeegemea "kuki", na sababu yangu ni shangazi. Alifungua tovuti ya gazeti moja, akasoma "tovuti hii inatumia vidakuzi", akanipigia simu akiuliza kama akaunti yake ya pesa iko salama, maana tovuti yenyewe imekiri ina wadukuzi. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu msomaji anayechanganya vidakuzi na wadukuzi hakufanya kosa lolote. Maneno yanafanana, na hakuna mtu aliyewahi kumfafanulia.

Ukitumia lolote kati ya hayo mawili, liweke kando ya maelezo mafupi mara ya kwanza linapotokea: "kuki, yaani kumbukumbu ndogo zinazowekwa kwenye simu yako". Maneno saba yamemaliza kazi.

Kuna ridhaa, idhini, ruhusa na kibali. Lipi sahihi?

"Ridhaa". Ndilo linalobeba moyo wa mtu kuwa radhi, na ndilo lililozoeleka Tanzania kwenye sheria na hospitalini. "Idhini" linaeleweka na Wakenya wanalipenda, ila kwangu lina harufu ya mkubwa kumwidhinishia mdogo. "Ruhusa" ni zuri kwa mazungumzo: "Tunaomba ruhusa yako". Sioni vibaya kuandika "ruhusa" kwenye bango na "ridhaa" kwenye sera. "Kibali" kiache kwa halmashauri na wawindaji.

Tumebandika tafsiri ya mashine, mbona inasomeka vizuri tu?

Isome tena, polepole, ukifika kwenye kile kifungu kinachoeleza msingi wa kuchakata data bila ridhaa. Kwa Kiingereza neno linalotumika pale, "interest", lina maana mbili, maslahi na riba. Nimekutana na bango lililomwambia msomaji kwamba kampuni inatumia taarifa zake kwa msingi wa "riba halali". Tovuti ilikuwa na wasomaji wengi wa Tanga na Unguja. Riba halali! Hata mwenye bango angeisoma mara moja tu kwa sauti angejua kuna jambo. Sema "maslahi halali", au bora zaidi eleza maslahi yenyewe: "kuzuia wizi wa kadi".

Mengine niliyoyaokota: "vyama vya tatu" kwa kampuni za nje, "wachuuzi" kwa kampuni za matangazo, utadhani zinauza karanga stendi, "kuki za maonyesho" pale ilipokusudiwa kasi na ufanisi wa tovuti, na kitufe cha kukataa kilichoandikwa "Pungua". Mashine mimi huitumia tu kwa rasimu ya kwanza, na hata hapo naipa sentensi nzima, kwa sababu neno moja la kitufe likiwa pekee halina muktadha, na mashine itabahatisha.

Kiswahili kina watu. Mwandishi wa habari, mwalimu, hata mwanafunzi wa sheria anaweza kukusafishia maneno mia mbili kwa nusu siku. Mlipe.

Vitufe viandikweje?

Hapa ndipo ninapobishana na wateja kuliko mahali pengine. "Kubali" ni amri. Mtu hajasoma lolote, tayari unamwamrisha. Kitufe ni kauli ya anayekibonyeza, basi kiandikwe kwa kinywa chake: "Nakubali", "Nakataa", "Nichague mwenyewe". Sentensi za juu ni sauti yako wewe mwenye tovuti, vitufe ni sauti yake. Ukishazigawa hivyo, bango zima linaanza kusomeka kama mazungumzo.

"Sawa" haitoshi. Kwa Kiswahili "sawa" ni nimekusikia, ni haya basi, ni tuyaache. Mtu huitikia "sawa" hata kwa jambo asilolikubali, ilimradi mazungumzo yaishe. "Endelea" nayo haisemi kitu kuhusu ridhaa.

Sasa jambo la uzito. Mteja mmoja aliniomba "Nakataa" ilainishwe, akidai ni neno kali, si la heshima kwa mgeni. Pendekezo lake lilikuwa "Mipangilio zaidi", kwa herufi ndogo, rangi ya kijivu. Nilimwonyesha habari ya Januari 2022: mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa, CNIL, iliitoza Google yuro milioni 150 na Facebook yuro milioni 60 kwa sababu kukubali kuki kulihitaji mbonyezo mmoja na kukataa kulihitaji mibonyezo kadhaa. Kosa kama hilo linaweza kufanyika kwa tafsiri peke yake: Kifaransa kina vitufe viwili vilivyo sawa, Kiswahili kina kimoja na kiungo kilichofichwa. Kama "Nakataa" linakukwaza, andika "Hapana, asante". Ni la adabu na linaeleweka. Ukubwa na rangi vibaki sawa na jirani yake.

Na visanduku visiwe vimetiwa alama tayari. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishalimaliza hilo tarehe 1 Oktoba 2019 katika kesi ya kampuni ya Planet49, na katika hukumu hiyohiyo ikasema mtu aelezwe pia kuki zitadumu muda gani na kama kuna wengine watakaozifikia. Hayo mawili yamo kwenye lugha yako ya kwanza? Basi yawemo na kwenye ya tano.

Kwa nini bango letu linasema "Kubali kuki vyote"?

Kwa sababu aliyelitengeneza aliandika neno "Kubali", neno "vyote" na jina la kundi mahali patatu tofauti, akaiachia programu iyaunganishe. Kwa lugha isiyo na ngeli ujanja huo unafanya kazi. Kwetu "zote" ni za kuki, "vyote" ni vya vidakuzi, "yote" ni ya matangazo, "wote" ni wa washirika. Hakuna neno moja linalokaa kote.

Dawa ni moja: kila sentensi na kila kitufe viandikwe kamili katika faili la tafsiri, hata kama maneno yanajirudia. "Nakubali kuki zote" ni mstari wake. "Nakubali matangazo yote" ni mstari mwingine. Faili litakuwa refu kidogo, na nini basi?

Idadi nayo hivyohivyo. Kiolezo kilichojengwa kwa mpangilio wa Kiingereza huweka namba mbele ya jina, ukapata "12 washirika". Mfasiri apewe nafasi ya kuhamisha namba aandike "washirika 12", na apewe umbo la umoja na la wingi: "mshirika 1", "mwezi 1", "miezi 6". Kiswahili kinahitaji maumbo hayo mawili tu. Kiarabu kina sita, kwa hiyo usifikiri aliyefanikiwa kwa Kiswahili amemaliza.

Tovuti itajuaje imwonyeshe mtu lugha ipi?

Ifuate lugha ya ukurasa anaousoma. Nimeona mifumo inayoanza na lugha ya kivinjari, mingine inayoangalia mtu yuko nchi gani. Yote miwili inakosea sana kwetu. Simu nyingi za hapa zimewekwa Kiingereza tangu dukani na mwenyewe hajawahi kubadili, lakini anasoma habari kwa Kiswahili asubuhi hadi jioni. Mtu wa namna hiyo akifungua makala ya Kiswahili na kupokewa na bango la Kiingereza, kosa ni lako, maana ukurasa ulishakwambia lugha yake. Nchi nayo haisemi lugha: Mjerumani aliye Karatu bado ni Mjerumani, na Mswahili aliye Muscat au Toronto bado anasoma Kiswahili.

Lugha ya kivinjari itumie pale tu ukurasa wa kwanza haujachaguliwa lugha. Na weka kibadili lugha ndani ya bango lenyewe, majina yakiwa kwa lugha zenyewe: Kiswahili, Deutsch, Italiano, العربية. Bendera ziache. Bendera ya Tanzania haimwambii Mkenya kwamba pana Kiswahili chake.

Fundi, tangu asubuhi kila mtu anaona bango la Kijerumani!

Hilo lilinikuta mimi mwenyewe, kwa mteja wa Moshi. Tulifuta kache ya seva usiku, yaani nakala za kurasa ambazo seva huzihifadhi ili isizitengeneze upya kila mara. Mgeni wa kwanza alfajiri alikuwa na kivinjari cha Kijerumani. Seva ikatengeneza ukurasa pamoja na bango, ikauhifadhi, ikaanza kumgawia kila aliyekuja. Hadi saa nne asubuhi mhasibu wa kampuni, mama wa Kichaga asiyejua neno la Kijerumani, alikuwa ameshabonyeza kitufe kikubwa zaidi ili afanye kazi yake. Hizo ridhaa za asubuhi ile tulizifuta zote tukawauliza watu upya.

Ukitumia kache, bango litokane na anwani ya ukurasa, yaani /sw/ ina lake na /de/ ina lake, au lipakiwe na skripti, yaani programu ndogo ndani ya kivinjari, baada ya ukurasa kufika kwa mtu. Kama ni lazima seva iangalie lugha ya kivinjari, basi iambie kache ihifadhi nakala tofauti kwa kila lugha, kwa kichwa cha Vary: Accept-Language.

Mtu akihama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza aulizwe tena?

Hapana. Alishajibu. Akiulizwa tena, chunguza kuki inayotunza jibu lake. Mara nyingi imefungiwa kwenye njia ya /sw/, kwa hiyo /en/ haiioni. Ifungue kwa tovuti nzima. Kama lugha zako ziko kwenye vikoa vidogo (kila lugha na anwani yake mbele ya jina la tovuti), iwekwe kwenye kikoa kikuu. Kuhusu muda wa kukumbuka jibu, CNIL wanapendekeza miezi 6, kwa aliyekubali na aliyekataa. Aliyekataa asisumbuliwe kila siku hadi achoke.

Msimbo wa lugha ni upi? Tumeweka "ki" lakini haifanyi kazi.

"ki" ni Kikuyu. "ks" ni Kikashmiri. "tz" na "ke" ni nchi. Kiswahili ni "sw", na hiyo inatosha. Ukiwa na matoleo mawili kweli unaweza kuandika sw-TZ na sw-KE, lakini hakikisha mfumo unajua kwamba anayekuja na sw-KE apewe "sw" ikiwa hakuna toleo la Kenya. Mifumo mingi isiposhika herufi zote hukimbilia Kiingereza, na Wakenya wako wote wanapotea kimyakimya.

Weka lang="sw" kwenye bango lenyewe pia, hasa kama lugha yake inaweza kutofautiana na ya ukurasa. Mtu asiyeona anayetumia kisoma skrini asipowekewa hilo atasomewa "Nakataa" kwa matamshi ya Kiingereza, kitu ambacho ukikisikia hutakisahau.

Tunatumia WordPress na plagini ya lugha. Bango halionekani kwenye orodha ya kutafsiri.

Maneno ya bango hayakai kwenye kurasa, yanakaa kwenye mipangilio ya plagini ya ridhaa. Plagini za lugha kama WPML na Polylang zote zina sehemu ya kutafsiri maneno ya namna hiyo, yatafute huko. Andika kwanza maneno ya lugha kuu, yakamilishe, ndipo uanze kutafsiri. Ukigusa maneno ya asili baadaye, hata nukta, tafsiri zake zinaweza kuachana nayo na bango likarudi lugha ya kwanza bila kukuaga.

Kiarabu je?

Kwa wageni wa Oman na Ghuba, ndiyo, kiweke. Bango zima lipewe dir="rtl" ili lisomeke kutoka kulia, pamoja na mpangilio wa vitufe na alama ya kufunga. Namba za simu na majina ya kampuni kwa herufi za Kilatini huelekea kuruka mahali pake; yaangalie kwa macho. Usimpe kazi hiyo mtu anayejua kusoma Kurani lakini hajui Kiarabu cha ofisini.

Maneno ya Kiswahili ni marefu, vitufe vinavunjika kwenye simu.

Panga vitufe kwa kushuka, kimoja chini ya kingine, upana sawa. Usipunguze herufi, na usikate sentensi ya kukataa ili ya kukubali ipate nafasi.

Lugha moja ikiwa haijakamilika, tuchanganye na Kiingereza kwa muda?

Usichanganye. Bango lenye kichwa cha Kiswahili, mwili wa Kiingereza na kitufe kilichoandikwa btn_reject_all ni baya kuliko la Kiingereza tupu. Ama lugha ikamilike, ama mtu apewe lugha nyingine nzima na wewe usiwashe kuki zozote za hiari kwa kurasa za lugha ile hadi tafsiri iishe.

Tunatunza kumbukumbu gani?

Tarehe na saa, mtu alichagua nini kwa kila kundi, toleo la ujumbe, na lugha aliyoonyeshwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Tunza pia maandishi yenyewe ya kila toleo kwa kila lugha, kwa sababu miaka miwili baadaye "toleo la 3, Kiswahili" halitakuwa na maana kama hakuna anayekumbuka lilisema nini. Huna haja ya jina wala anwani ya mtu; namba ya nasibu iliyo kwenye kuki yake inatosha.

Ukirekebisha tahajia, usiwasumbue watu. Ukiongeza kusudi jipya au kampuni mpya, toleo libadilike kwa lugha zote siku moja na kila mtu aulizwe upya. Na ukigundua tafsiri ya lugha moja ilikuwa inasema uongo, waliosoma lugha hiyo waulizwe upya hata kama wengine hawaguswi.

Tunapimaje kabla ya kuwasha?

Fungua dirisha la faragha la kivinjari, ingia ukurasa wa lugha husika, na kabla hujabonyeza chochote tazama orodha ya kuki na maombi yanayotoka. Kisha bonyeza "Nakataa" utazame tena. Fanya hivyo kwa kila lugha, si kwa moja. Niliwahi kukuta tovuti ambayo Kifaransa kilizuia kila kitu vizuri, lakini kiolezo cha kurasa za Kiswahili kilikuwa na skripti ya kuhesabu wageni iliyobandikwa na fundi wa zamani moja kwa moja. Swahiba, bango lilikuwa linauliza "unaridhia?" na kuki zilikuwa zimeshakaa.

Halafu chukua simu ya bei ya chini, mpe mtu asiye wa kompyuta: mpishi, mlinzi, dada wa mapokezi. Asome kwa sauti. Muulize, "Hapa unaombwa nini, na ukikataa itakuwaje?" Akijibu yote mawili, washa. Akisema "wanataka nikubali", rudi mezani.

Tupe basi mfano tunaoweza kuanzia.

Huu ninautumia kwa kampuni za utalii. Ubadilishe ufanane na mnayoyafanya kweli:

"Tunaomba ruhusa yako kwa mambo mawili: kuhesabu wageni wa tovuti hii, na kukuonyesha matangazo ya safari zetu ukiwa kwenye tovuti nyingine. Kwa kazi hizo tunaweka kuki, yaani kumbukumbu ndogo, kwenye simu au kompyuta yako. Zinadumu hadi miezi 6, na Google na Meta nao wanazisoma. Ukikataa, tovuti itafanya kazi kama kawaida. Unaweza kubadili uamuzi wakati wowote: gusa neno Faragha chini ya ukurasa."

Vitufe: Nakubali zote. Nakataa zote. Nichague mwenyewe.

Sikuanza na "Tunathamini faragha yako". Kila bango duniani linaanza hivyo na hakuna anayelisoma. Anza na unachokitaka.

Lile neno Faragha chini ya ukurasa liwepo kweli, kwa kila lugha, na likifunguka lirudishe bango kwa lugha ileile. Kuondoa ridhaa kunatakiwa kuwe rahisi kama kulivyokuwa kuitoa, na mtu aliyekubali kwa Kiswahili asitakiwe kukataa kwa Kiingereza.

Mtu akituandikia kwa Kitaliano akitaka taarifa zake zifutwe?

Mjibuni kwa Kitaliano. Mlimwomba kwa lugha hiyo. Kabla ya kuwasha lugha yoyote, andaeni barua fupi tatu kwa lugha hiyo: tumepokea ombi lako, tumefuta, na tunahitaji kukuthibitisha kwanza. Mteja wangu mmoja alitaka bango kwa lugha tisa. Nilipomwuliza nani ofisini atasoma barua ya Kipolandi, alinyamaza kidogo, kisha tukaweka tano.